Presha ya oili imekufa, na aliyeiua ni mimi

Taa ya oili ilipepesa mara mbili tu alafu ikatulia, na kama muda ule ningekuwa naangalia pembeni nisingeiona kabisa. Nilikuwa nimetoka kuikimbiza gari kama dakika 20 hivi, tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa eksosi ili kuisukumia injini hewa zaidi) imefanya kazi kweli kweli, nikasimama, injini ikashuka silensa, yaani inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, na hapo ndo nikaona kile kidude chekundu kinanikonyeza. Nikazima saa hio hio. Nikakaa ndani ya gari nasikiliza eksosi inavyopoa, tik tik tik, moyo unaenda mbio kuliko injini, mana'ke hii mashine niliijenga kwa mikono yangu mwenyewe na hakuna fundi wa kumtupia lawama.

Injini yenyewe ni 4G63 ya Mitsubishi, silinda 4, lita 2, ile isiyokuja na tabo kutoka kiwandani. Niliifungua yote mpaka bloku ikabaki tupu, nikaweka pistoni na koni rodi za nguvu, beringi mpya kote, pampu mpya ya oili, nikazitoa zile shafti 2 za kusawazisha mtetemo kama wengi wanavyofanya kwenye injini hizi, nikafunga tabo ya bushi, ile ambayo shafti yake inaelea juu ya oili, sio ile ya gololi. Ilikuwa imetembea kilomita mia 6 na ushee tangu niiwashe mara ya kwanza.

Taa ya kiwandani kwenye gari nyingi inasubiri mpaka presha ishuke huko bar (kipimo cha presha) 0.3 mpaka 0.5 ndo iwake, kwa hio ukiiona imewaka ujue sio onyo la mapema, ni taarifa ya msiba. Bahati yangu ni kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, niliyofunga inarekodi presha na joto la oili kwa pamoja, hilo ni jambo moja nililofanya vizuri kwenye mradi mzima. Nikachomeka laptop nikaangalia. Asubuhi injini ya baridi, silensa, bar 3.1. Oili ikifika nyuzi 95, silensa bar 0.6, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 3000 bar 1.8, RPM 6000 bar 3.2. Kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila RPM 1000, yaani kama bar 0.7, kwa hio kwenye 3000 nilitakiwa niwe na bar 2.1 na kwenye 6000 bar 4 na kitu. Ni kanuni ya kukadiria tu, kila injini ina kitabu chake, lakini mimi nilikuwa chini ya mstari kote kote, na injini ni mpya.

Ile 3.1 ya baridi nikaiona safi kabisa nikaipita. Tutarudi kwake.

Sasa, kabla hujashika spana hata moja hakikisha ugonjwa upo kweli. Geji za umeme zinadanganya sana. Nikatafuta geji ya mkono, ile ya mshale inayoletewa oili yenyewe kwa mpira, nikachomoa sensa nikaifunga pale pale. Angalizo hapa kwa mwenye injini ya Kijapani: tundu la sensa ya oili mara nyingi ni nyuzi za BSPT 1/8, zina meno 28 kwa inchi, na fitingi nyingi za geji ni NPT 1/8 zenye meno 27. Zinaingiliana! Utazungusha raundi mbili utaona inakaa vizuri, ukiendelea kukaza unapasua haozingi ya filta, yaani nyumba yake. Nilishawahi kufanya hivo kwenye gari nyingine na sitaki kuongelea.

Geji ya mkono ikasema silensa ya moto ni bar 0.4. Yaani hali ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani, skrini yangu ilikuwa inanibembeleza. Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nakiona siku nyingi nakipuuzia, feni ya rejeta ikiwaka presha ya oili inapanda kidogo, ikizima inashuka. Feni na oili wapi na wapi. Nikachukua multimita. Sensa yangu ni ya volti 5, inatoa volti 0.5 presha ikiwa sifuri na volti 4.5 presha ikiwa bar 10, ukipiga hesabu kila volti 0.1 ni bar 0.25. Ethi ya sensa nilikuwa nimeifunga kwenye bodi karibu na ethi ya feni, wakati ethi ya kontroli boksi ipo kwenye injini, feni ikianza kuvuta umeme pale kwenye bodi panapanda volti 0.08 ukilinganisha na injini, na hio 0.08 kontroli boksi inaisoma kama presha. Bar 0.2 za bure kabisa, hazipo. Nikaupeleka ule waya moja kwa moja kwenye ethi ya sensa ya kontroli boksi na uongo ukaisha, feni iwake izime namba haitikisiki. Kwa hio namba za kweli zilikuwa 0.4, 1.6 na 3.0.

Nikaanza kuuliza watu na kila mtu akaniambia badilisha pampu. Ngoja niseme kitu ambacho kilinichukua muda kukielewa. Pampu ya oili haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili, kiasi fulani kwa kila mzunguko, basi, presha inatokea pale oili inapokutana na njia nyembamba ikapata shida kupita. Njia hizo ni ile nafasi kati ya krenki (shafti kuu ya injini) na beringi, kemshafti, vinyunyizio vya oili vya kupozea pistoni kama unavyo, na tabo. Ukifungua bomba la maji huku umeziba mdomo wa mpira kwa kidole unasikia nguvu, ukitoa kidole nguvu inakufa ingawa maji yanayotoka ni yale yale. Kwa hio presha ikishuka kuna maswali matatu tu, oili inafika kwenye pampu? pampu inaisukuma yote au kuna inayorudishwa kabla ya safari? na ikishasafiri, inatorokea wapi kirahisi?

Na hayo matatu kila moja lina sura yake kwenye grafu, hii ndo sehemu ninayoipenda. Kama shida ni kunyonya, chujio limeziba au oringi ya bomba la kunyonyea inavuta hewa, silensa utakuta presha nzuri tu alafu ukipanda RPM ndo inaanza kuyumba na kushuka kwa sababu pampu inataka oili nyingi kuliko inayopata, mshale unatetemeka kama una homa. Kama valvu ya kupunguza presha, ile inayorudisha oili presha ikizidi, imekwama wazi, presha inapanda kidogo inagonga dari mapema na kubaki hapo hapo hata ukanyage vipi. Na kama oili inatoroka mbele ya safari, presha inakuwa ndogo silensa, inapanda unavyopanda RPM lakini kila mahali iko chini ya inapotakiwa. Yangu ilikuwa hii ya tatu, bila ubishi, na bado nikapoteza siku nyingi kwenye zile mbili za kwanza. Binadamu bwana.

Kwanza nikaangukia kwenye oili nzito. Nilikuwa natumia 10W-40, nikamwaga nikaweka 20W-50, kila mtu aliniambia na mimi nilitaka kuambiwa hivo. Ujue ile namba ya pili ndo inayosema oili ina uzito gani ikiwa nyuzi 100, daraja la 40 ni kuanzia 12.5 mpaka 16.3 na daraja la 50 ni 16.3 mpaka 21.9 kwa kipimo chao cha sentistoki, kwa hio kutoka hii kwenda ile unaongeza uzito karibu theluthi. Nilitegemea RPM 3000 niione bar 2.1. Nikaona 1.7. Kutoka 1.6. Nikanuna, nikasema oili hii sio nzuri, nikaendelea na maisha yangu.

Ile namba ilikuwa imenipa jibu na mimi nikaitupa. Iko hivi. Oili inapopita kwenye nafasi nyembamba ya beringi, inakwaruzana na kuta mbili njia nzima, uzito wa oili ni kila kitu pale, ukiongeza uzito theluthi presha nayo inapanda kwa kiasi kama hicho. Na nafasi yenyewe ina ukali wake, ikiwa mara 2 oili inayopita inakuwa mara 8 sio mara 2, ndo mana beringi iliyolika kidogo tu inaua presha. Lakini oili ya moto inapotoroka kwenye tundu, tundu fupi la wazi kwenye ukuta, haikwaruzani na chochote cha maana, inaruka tu, na hapo uzito unakuwa na sauti ndogo sana. Nafasi inasikia uzito wa oili, tundu ni kiziwi. Oili yangu nzito haikubadilisha kitu kwa hio nilikuwa na tundu mahali, ningekaa chini dakika 5 nikafikiria ningejua. Na ile bar 3.1 ya baridi nayo ilikuwa inasema hivo hivo, injini mpya yenye beringi mpya na oili ya baridi nzito kama uji ilitakiwa ifike mpaka valvu ya kupunguza ifunguke, huko bar 5.

Sikukaa chini. Nikamgeukia tabo, maana tabo ndo mgeni kwenye injini hii na mgeni siku zote ndo anashukiwa wa kwanza kitu kikipotea. Mtu mmoja akanishauri niweke kizuizi cha milimita 1 kwenye bomba la oili linaloenda kwenye tabo. Ushauri huo ni sawa kwa tabo ya gololi, zile zinataka oili kidogo na tundu la kama milimita 1 ni kawaida yake. Tabo ya bushi inaelea juu ya oili, ukiinyima ili geji yako ipendeze umeua tabo kwa ajili ya picha. Badala yake nikapima. Injini ya moto, nikachomoa mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye tabo nikaupeleka kwenye chupa ya plastiki yenye mistari, nikaziba pale unaporudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikawasha silensa sekunde 30 kwa saa. Ikatoka kama robo lita. Kwa hio nusu lita kwa dakika, na pampu inasukuma lita kadhaa kwa dakika hata silensa. Tabo hana kosa. Msijaribu kuziba bomba la oili la tabo alafu mkawasha injini kuona kama presha itapanda, hata silensa eksosi inazungusha ile shafti, ikizunguka kavu kidogo tu imeshaumia.

Harufu ya petroli kwenye kijiti cha oili nayo ilikuwepo, hili nisilifiche. Kiwango cha oili kilikuwa kimepanda badala ya kushuka, milimita kadhaa juu ya alama, na sababu ni kwamba mafuta niliyoyapangia kwenye kuwasha baridi yalikuwa mengi mno, yanaosha kuta za silinda yanashukia kwenye sampu. Oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi na hio inashusha presha kweli. Nikarekebisha ramani ya baridi, nikamwaga ile nzito, nikarudisha 10W-40 mpya na filta mpya. Bar 0.4 ikawa 0.45. Tena uzito umebadilika na presha imekausha.

Filta ya zamani nikaikata. Usikate na msumeno wa chuma maana utajaza vumbi la chuma alafu uanze kulia bure, tumia kikata mabomba au kile chombo cha kukatia filta. Nikaikunjua ile karatasi juani. Unachotafuta ni vimetameta, alafu unapitisha sumaku, vinavyonasa ni chuma, vimetoka kwenye gia au krenki au kemu, visivyonasa na vina rangi ya fedha au shaba hivo mara nyingi vinatoka kwenye beringi. Nilikuta punje chache za fedha, za kawaida kwa injini mpya, na nyuzi mbili tatu za silikoni nyekundu. Zile silikoni zikanitia hofu nyingine, nikasema ahaa, chujio la sampu limeziba na silikoni, mimi huwa napaka nyingi kama mtu anapiga plasta. Nikashusha sampu.

Chini ya sampu nilikaa siku 4. Chujio lilikuwa na minyororo miwili ya silikoni ndio, lakini haizibi hata robo. Bomba la kunyonyea limekazwa, gasketi yake nzima, umbali wake na sakafu ya sampu milimita 8, sawa. Valvu ya kupunguza presha nikaitoa, pistoni yake inateleza kwenye tundu kwa uzito wake yenyewe, haina mkwaruzo, springi nzima. Nikafungua kepu za beringi moja moja na kupima kwa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki unaoupondea kati ya beringi na krenki ukikaza kwa toki renchi, alafu unafungua unalinganisha upana wake na karatasi yenye mistari. Krenki ya injini hii upande wa beringi kubwa ina kama milimita 57, na kanuni ya zamani inasema nafasi iwe sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani 0.057. Mimi nilipata 0.045 kwenye zote tano, tofauti kati yao hata huioni. Koni rodi nazo safi. Sura za beringi hazina mkwaruzo. Nilifurahi dakika 1 alafu nikakasirika, mana'ke sasa sina mshtakiwa.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima, nilimpigia simu nikamweleza yote tangu mwanzo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza alafu akasema, "Kijana wangu, sampu si iko chini? Sasa unakisia nini wakati unaweza kuona? Ingiza oili kwa presha uangalie inadondokea wapi."

Shikamoo mzee.

Chombo chake kipo cha kununua, tenki dogo la presha, ila mimi nilimwazima mama bomba lake la kunyunyizia dawa kwenye maua, lile la lita 5 la kupampu kwa mkono, bila kumwambia litatumika kwa kazi gani. Nikalisafisha, nikalikausha siku nzima, nikaweka lita 3 za oili, nikakata ule mpira nikafunga fitingi nikaiunga kwenye tundu la sensa ya presha. Kwa kuwa hapo ni baada ya filta, oili inaingia moja kwa moja kwenye njia kuu. Kidogo inarudi nyuma kupitia pampu na hio sio kosa. Bomba la namna hii linatoa bar 2 na kitu, zaidi ya presha niliyokuwa nayo silensa. Nikaweka beseni, taa kali, na nikamwita mdogo wangu apampu wakati mimi nimelala chini ya gari.

Kwanza hakuna kitu. Alafu beringi kubwa ya kwanza ikaanza kudondosha, tone, tone, tone, unaweza kuhesabu. Ya pili. Ya tatu. Koni rodi zikafuata, hizo inabidi uzungushe krenki robo robo kwa mkono maana tundu la oili kwenye krenki linabadili mahali, ukiona moja inamwaga zaidi usikurupuke, zungusha kwanza. Zote matone. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

"Bro," mdogo wangu anasema, "mbona huku linaisha haraka hivi? Nimepampu sasa hivi tu na limelegea tena."

Matone hayawezi kumaliza lita 3 kwa muda ule. Nikasogeza taa kuelekea nyuma, na kule ndani kwenye handaki la shafti ya kusawazisha, shafti ambayo haipo, oili inatiririka. Sio matone. Mkondo umeng'aa kama uzi wa asali, unafuata ukuta wa handaki unaingilia kwenye sampu kimya kimya. Injini ikiwa inanguruma na sampu imefungwa usingeweza kuuona wala kuusikia milele.

Nieleze kwa wasioijua injini hii. Zile shafti 2 za kusawazisha zinazunguka kwenye beringi zake, na kila beringi ina tundu linaloleta oili kutoka kwenye njia kuu. Ukizitoa shafti, yale matundu yanabaki wazi yanamwaga kwenye handaki tupu. Kwa hio unapozitoa lazima uzitoe na beringi, uzirudishe umezizungusha nyuzi 90 hivi, ili tundu la beringi liachane na tundu la bloku na mgongo wa beringi uwe kifuniko. Nilijua hilo. Nilifanya hilo! Beringi ni 3, mbili zilikuwa zimefunika vizuri kabisa, ila ya nyuma, ile ya mbali inayoingizwa kwa bomba refu kutokea mbele, ilijizungusha yenyewe wakati naigonga. Nilipoimulika usiku ule wakati wa kujenga niliona nusu giza nikajiambia imefunika. Sasa nilipopitisha kioo kidogo cha daktari wa meno na taa, nikaiona, kipande cha tundu kimebaki wazi, chembamba, kimejikunja kama mwezi mwandamo. Upana wake pale katikati milimita 2 labda. Siku 19 nimezunguka na injini nzima kwa ajili ya kile kimwezi.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya siku mbili na sehemu kubwa ni kutoa vitu vya njiani, taiming belti, kifuniko cha mbele chenye pampu, mabomba ya tabo. Krenki haikuguswa. Beringi niliisukuma kutoka, nikachukua mpya, na safari hii nikaweka alama ya rangi kwenye ukingo wake mahali tundu lilipo na alama nyingine kwenye mdomo wa handaki, nikawa nagonga mara mbili naangalia, mara mbili naangalia, na kichwa cha lile bomba la kugongea nilikitengenezea ukingo mpana ili isijipindie tena. Kabla sijafunga chochote kingine nikarudishia kifuniko cha mbele kwa muda na kumwita mdogo wangu na bomba lake. Handaki kavu. Beringi zinadondosha matone yale yale, na safari hii akipampu linabaki limekaza, akaanza kulalamika mkono unauma.

Wakati mabomba ya tabo yako nje nikaikagua na yenyewe, mana'ke ilikuwa imekula presha ndogo kwa kilomita zote zile. Kwenye tabo ya bushi shafti kucheza kidogo juu na chini ni kawaida, usishtuke, oili ndo inajaza pale. Kinachotisha ni kucheza mbele na nyuma, au mapanga kugusa ganda. Yangu haikuwa na chochote mbele na nyuma na mapanga hayana alama, sijui niseme nini, nilistahili kuadhibiwa na sikuadhibiwa.

Kuwasha nilikufanya kwa adabu. Nikatoa plagi zote, nikakata umeme wa mafuta, nikazungusha kwa stata vipindi vya sekunde 10 mpaka geji ya mkono ikaonyesha presha, ndo nikarudisha plagi. Ikawaka, baridi, silensa, bar 5.3. Nikaiangalia ile namba kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea. Ikapata moto taratibu mpaka nyuzi 95 na nikaenda kuzunguka nayo. Silensa ya moto bar 1.3, RPM 3000 bar 3.7, na kwenye 6000 inafika 5.4 inabaki hapo kwa sababu valvu ya kupunguza sasa ndo ina kazi ya kufanya. Oili ni ile ile 10W-40. Pampu ni ile ile ambayo kila mtu alitaka niitupe.

Nimefunga pia onyo kwenye kontroli boksi, ukizidi RPM 3000 na presha iko chini ya bar 2.5 inakata moto yenyewe, sisubiri tena kukonyezwa na taa. Filta nitaikata tena ikitembea kilomita 500 nyingine kuona kama kuna kilichobaki kinazunguka humo.

Mama ameulizia bomba lake mara mbili. Nimemnunulia jipya, la zamani limebaki gereji limeandikwa OILI TU kwa maka peni nyeusi, na mdogo wangu ameongeza chini yake kwa mwandiko wake mbaya: na usiniite mimi kupampu.